Siku Kijiji Kizima Kilipopanda Treni

Juzi nilinunua kufuli katika duka la hadiwea pale Mwingi. Nilipofungua karatasi yake ya nta, harufu ya grisi ilinipanda puani, nikajikuta nimesimama tena kwenye jukwaa la stesheni ya Kwa Ndunda, mashavu yamevimba, natamani kukimbia.

Kwa Ndunda haikuwa stesheni ya kujivunia. Ilikuwa chumba kimoja cha mabati, dirisha la tiketi, benchi moja na tangi, kwenye tawi la reli lililochepuka kutoka njia kuu ya Mombasa. Treni ilipita Alhamisi tu, ikielekea bondeni asubuhi na kurudi usiku. Lakini nyuma yake lilifungwa behewa la maji, na maji hayo ndiyo yaliyojaza tangi. Bila hayo, mama zetu wangerudi mtoni, mwendo wa nusu siku, kufukua mchanga hadi mikono ichubuke.

Kwa hiyo steshenimasta, Bwana Mbithi, alipoambiwa kwa simu kwamba mkaguzi anakuja Alhamisi kuona kama bado tuna abiria, hakuna aliyelala vizuri wiki hiyo. Mama alifagia ua mara mbili kwa siku. Jumapili, baada ya ibada, Bwana Mbithi alisimama mlangoni mwa kanisa.

"Alhamisi kila mtu apande," alisema. "Hata kama huna mahali unaenda, wewe enda."

"Kituo cha mbele kuna nini?" aliuliza Mama Mumo, jirani yetu.

"Hakuna kitu."

"Sasa tunaenda kufanya nini?"

"Kurudi."

Watu walicheka, lakini Alhamisi walifika wote, na viatu vya Krismasi. Susu, nyanya yangu, alibebwa na wajomba. Mwalimu wa sandeskuli alikuja na kuku, ili aonekane ana biashara. Mimi peke yangu nilibaki, kwa sababu ya matubwitubwi. Mama alinipaka masizi mashavuni kama dawa, akaniketisha kwenye benchi na kuniambia nisiondoke wala nisiguse kitu.

Treni ilijaza tangi, ikameza kijiji, ikaondoka. Tulivyofikiri sisi, mkubwa wa reli angesafiri kwa chombo gani kama si kwa treni? Bwana Mbithi alilegeza tai, akaenda nyumbani kunywa chai. Simu ililia ndani ya ofisi, ikanyamaza, ikalia tena. Nilikuwa nimekatazwa kugusa kitu. Niliinuka, nikaketi, nikahesabu mataruma chini ya reli, nikaketi tena.

Ndipo kiberenge, kile kigari kidogo cha reli, kikaja kutoka upande ule ule treni ilikotokea. Alishuka mwanamume mwenye kofia, akaliangalia jukwaa tupu, kisha akanitazama mimi na masizi yangu.

"Watu wa hapa wako wapi?"

"Wamepanda treni."

"Wote?"

"Wote. Hata susu."

"Wanaenda wapi?"

Nilifikiri vizuri, maana nyumbani kwetu uongo ulichapiwa fimbo. "Wanaenda kurudi," nilisema.

Alicheka mpaka akafuta macho. Akafungua mkoba kutafuta kalamu, na ili aifikie ilimbidi atoe kwanza kitu kilichofungwa kwa karatasi ya nta. Alikiweka kwenye benchi, karibu na goti langu. Kilinuka grisi.

Watu waliporudi kwa miguu jioni, bila kungoja treni ya usiku, vumbi hadi magotini na viatu mkononi, kufuli jipya lilikuwa linaning'inia kwenye dirisha la tiketi. Bwana Mbithi alikuwa ameketi kwenye benchi, kichwa wazi.

"Ulimwambia nini?" Mama aliniuliza. Nikamwambia, mbele ya wote.

Tangi lilikauka kabla ya mwezi kwisha. Tukaanza kwenda mtoni, mimi na kibuyu changu nyuma ya akina mama. Shimo lilipokataa kutoa maji, Mama Mumo aliniita: "Wewe msema kweli, kuja uongee na huu mchanga. Labda utakuambia." Wote walicheka, na Mama pia. Kwa miaka mingi niliamini kwamba ulimi wangu ndio ulioifunga Kwa Ndunda.

Juzi, kutoka Mwingi, sikwenda nyumbani kwangu. Nilienda moja kwa moja kwa Mama, nikamwekea kufuli mapajani.

"Mwaitu," nilisema, "yule mtu wa kiberenge alikuja na kufuli lake. Lilikuwa mkobani kabla hajaniuliza chochote."

Mama alilinusa, akanirudishia.

"Nilijua siku ile ile. Nani anasafiri na kufuli mpya?"

"Na hukuwaambia?"

Alinyoosha miguu yake, ile miguu ya njia ya mtoni.

"Wangemkasirikia nani, mwanangu? Reli haikuwa inakuja mtoni. Wewe ulikuwa unakuja."