Farasi Niliyemweka Upande

Mama mkwe alinyoosha mkono, akamgusa farasi wangu ubaoni. Hapohapo nikamwita mwamuzi.

Ukumbi mzima ukanitazama kama nimemtukana mama wa watu. Sikujali.

Miaka tisa nimekaa nyumba moja na Tsiala hapa Tbilisi. Kila siku ananyoosha vijiko vyangu, mapazia yangu, hata mwanangu anavyokaa kwenye kiti.

Sasa alitaka kumfundisha Mzia chesi. Mtoto nimzae mimi, ubao ashikishwe na yeye.

"Wewe utamfundisha nini?" aliniuliza huku anakata mkate wa jibini. "Unacheza kama mwizi wa kuku."

"Tukutane kwenye mashindano ya klabu, mama. Atakayeshinda ndiye atakayemfundisha."

"Usije ukalia tu."

Siku ikafika. Nikaanza kwa kusukuma askari wa pembeni, katikati nikamwachia. Askofu wangu nikambanza mbele ya mfalme, awe anachungulia ubao kutoka kona hadi kona. Tsiala anauchukia mwanzo huo kuliko anavyonichukia mimi.

"Si upite mlangoni kama watu," alinong'ona.

Baadaye kidogo nikamweka farasi wangu mahali ambapo malkia wake tu angeweza kumla. Tena nikamweka upande, pua imeangalia ukutani.

Sheria iko wazi: ukigusa kete ya mwenzio bila kusema unairekebisha, lazima uile. Na malkia akimla farasi tu, askofu wangu anammeza.

Alivumilia. Akapangusa miwani. Mwisho mkono ukaenda.

"Amegusa, na hakusema kitu," nilimwambia mwamuzi.

"Ni kweli, mama?"

"Kweli. Sina ubishi." Malkia wake akamla farasi. "Haya, mkamwana. Shiba."

Nikamchota malkia kwa askofu wangu.

Ndipo farasi wake akatua karibu na mfalme wangu na kumshambulia, pale pale askofu alipokuwa analinda. Mfalme hakuwa na pa kukimbilia. Mchezo ukaishia hapo.

"Sheria ya kugusa naijua tangu hujaota meno," alisema, akachukua mkoba wake bila kunipa mkono.

Jioni tulikula maharage. Kijiko chake kilikuwa kimelala upande. Alikitazama, akanitazama mimi, akakiacha hivyohivyo. Kisha akamwita Mzia waanze somo.

Ndugu zangu, ukimtegea mtu, usiukodolee mtego macho mpaka ukasahau kulinda kwako. Mimi kila Jumamosi nasikia kete zao sebuleni, na mwanangu anacheka.