Tenda ya maziwa ya hospitali, na swali moja lililotaka kuvunja kikundi cha akina mama wa Minjila

Wakuu, salamu kutoka Garsen, jua la leo ni la kupasua kichwa.

Haya ninayoleta nimeyaona kwa macho yangu. Majina nimebadilisha na hospitali siitaji, lakini mambo yenyewe ni haya haya. Anayetaka za kutunga aende uzi wa jirani.

Mimi nina saiba ndogo hapa mjini, duka la kompyuta na intaneti. Kazi yangu kubwa ni kuwajazia watu maombi ya tenda za serikali, hasa zile walizotengewa vijana, akina mama na watu wenye ulemavu. Mimi ni Mpokomo wa Kulesa, watu wa kilimo, na mteja nitakayewasimulia ni Muorma wa Minjila, watu wa mifugo. Wa huku mnajua ugomvi wa zamani wa shamba na malisho, hilo peke yake ni uzi mwingine. Tuliache.

Anaitwa Mama Halima, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wanaouza maziwa. Msimu wa mvua maziwa yanajaa kila mahali. Dalali anakuja na pikipiki, anataja bei anayotaka yeye, nao wanakubali tu kwa sababu maziwa hayangoji. Kwa hiyo hospitali moja ya huku ilipotangaza tenda ya maziwa kwa vikundi vya akina mama, Mama Halima alikuja kwangu karibu anakimbia.

Cheti cha usajili anacho. Leseni, cheti cha afya, PIN ya kodi, akaunti ya benki, vyote vimepangwa ndani ya mfuko wa plastiki. Nikasema moyoni, leo kazi ni nyepesi.

Tukafika sehemu ya uwezo wa mwombaji. Wanataka idadi ya ng'ombe wa maziwa.

"Mama, kikundi kina ng'ombe wangapi?"

"Wapo."

"Ndiyo, wangapi?"

"Mungu ametoa."

Jamani! Nyuma yake kuna foleni, stima inapepesa, na mimi napewa mahubiri. Nikamwambia bila namba hii kitu haiendi popote. Akanijibu kwa ukali, kwa Kiswahili chake ambacho kila mtu ni "na", "Wewe nataka nini? Hospitali nakunywa maziwa ama nakunywa ng'ombe?"

Foleni yote ikacheka. Mimi sikucheka.

Kwa wasiojua, wafugaji wengi wa huku hawahesabu mifugo hadharani. Ukitaja idadi umeita kijicho, na wakianza kufa utajilaumu mwenyewe. Nimezaliwa jirani nao, kwa hiyo nilijua, ila nilidhani mtu akiona tenda atalegeza kidogo. Hakulegeza. Sehemu ile ikaenda tupu.

Wakakosa.

Hapo ndipo huruma iliponishika. Wale akina mama walikuwa wamejinyima ili kulipia vile vyeti, na sasa wanachama wakaanza kutoka mmoja mmoja na kurudi kwa dalali. Mama Halima alikuja akakaa kwenye benchi langu na ule mfuko wake wa vyeti. Halafu akasema, "Najaribu moja tena. Hospitali nakataa, basi, kila mtu na kibuyu yake."

Yaani kikundi kife.

Niliumia, wakuu. Nikafunga duka nikaenda kwenye ofisi ya ununuzi ya ile hospitali kuuliza kwa nini walikosa. Mwombaji yeyote ana haki ya kuambiwa sababu, ila wengi wetu tukikosa tunabaki kulaani kwenye vibaraza. Nilienda nimevimba kabisa, tayari kwa ugomvi. Nikamkuta ofisa wa ununuzi, mzee mpole, akanivutia kiti na hasira ikakosa pa kusimama.

"Hawakuonyesha uwezo," akasema. "Kamati iliona pamebaki wazi, ikajua hawana kitu."

Nikamweleza habari ya kijicho. Akanisikiliza mpaka mwisho, hakucheka.

"Sasa mbona hamkuuliza?"

Kumbe kabla tenda haijafungwa kuna muda wa maswali! Unaandika kwamba hapa hatujaelewa, au hapa tuna shida, na ofisi inatoa jibu kwa waombaji wote. Jambo hilo limeandikwa kabisa kwenye maelekezo, kule ambako kila mtu anaruka akimbilie kupiga muhuri.

Mkataba wa walioshinda ulipoisha, tenda ikatangazwa upya, nasi tukaandika swali letu. Je, mwombaji anaweza kutaja lita anazoweza kuleta kwa siku, badala ya idadi ya ng'ombe?

Jibu likaja. Inaruhusiwa, ila kamati itatembelea kila mwombaji kuhakikisha.

Lita Mama Halima alizitaja bila shida yoyote. Kwake maziwa yakishakamuliwa ni biashara, hesabu upendavyo. Ni ng'ombe ndio hawaguswi kwa namba.

Basi kamati ikafika Minjila asubuhi, wakati wa kukamua. Walikuwa watatu, wakiongozwa na mama mmoja mtu mzima. Mimi nilikuwepo kwa sababu Mama Halima alinitaka nisimame karibu, kwa madai kwamba Kiswahili chake kikikasirika kinapotea.

Tulikuwa hata hatujamaliza salamu, ofisa mmoja wa kutoka bara akachomoa kalamu, akaanza kuwaelekezea ng'ombe mmoja baada ya mwingine. "Moja... mbili... tatu..."

Kelele zilizopigwa pale! Mama Halima akaenda kusimama mbele ya ile kalamu.

"Weka chini."

"Mama, nafanya kazi yangu."

"Na mimi nafanya yangu."

Ofisa amekasirika, Mama Halima habanduki, na pembeni naona mwanamke mmoja ameshaanza kukusanya vyombo vyake aende zake. Nikajua imekwisha. Kikundi kinakufa nikiwa nimesimama pale natazama.

Yule kiongozi wao akamshika mwenzake mkono taratibu. "Tenda ni ya maziwa," akasema. "Tupime maziwa."

Wakapima. Kila mama akaleta chombo chake, wakamimina, wakaandika. Walipojumlisha, wakatazamana. Maziwa yalikuwa mengi kuliko lita zilizotajwa kwenye ombi.

"Mama Halima, mbona uliandika pungufu?"

"Mimi naandika ile nataleta," akasema. "Ile ingine ya ndama, na ya mgeni. Sasa nyinyi ni mgeni. Kaa chini, kunywa."

Wakakaa, wakanywa. Hata mwenye kalamu alinywa, akaongezewa. Yule kiongozi akapangusa midomo, akasema kwa sauti ya chini, "Kwingine tulikopita maziwa yalikuwa kwenye karatasi tu."

Walipata, wakuu. Sioni aibu kusema nilitokwa na machozi nikimpigia simu Mama Halima. Wale waliotoka wamerudi, na dalali siku hizi anaanza kwa salamu na habari za watoto kabla ya kutaja bei.

Nilichojifunza: wenye biashara ndogo, hasa sisi wa pembezoni ambao fomu hazikuandikwa zikitufikiria, tusijiondoe wenyewe. Uliza kabla tenda haijafungwa. Ukikosa, nenda ukaambiwe sababu. Kuna watu wazuri ndani ya hizo ofisi, nimewaona.

Na nyinyi mnaokaa kwenye kamati, najua mmo humu mnasoma kimya kimya. Mtu akinyamaza mbele ya swali lenu, msiandike kwamba hana. Muulizeni kwa njia nyingine, kwa sababu kuna mama hapa Minjila alikuwa na maziwa mpaka ya mgeni.

Kwenu huko ni swali gani la tenda limewahi kuwafungia watu mlango? Mwageni hapa, niko saiba mpaka jioni, nasoma zote.