Bidoni ya Mawese Kichwani, Kazi Sifuri

Kila mtu hapa Rumonge alijua pa kuanzia fizike, isipokuwa mimi. Jirani yangu alisema nianze na maombi. Mume wangu, anayepeleka watu Minago kwa pikipiki na anayejua fizike ya breki tu, alisema nianze na umeme, kwa sababu mafunzo niliyoyataka ni ya kufunga sola, na sola iko umeme. Kitabu nacho kilisema nianze ukurasa wa kwanza, na ukurasa wa kwanza ulikuwa mishale mitupu yenye herufi za Kigiriki. Mtoto akaucheulia maziwa. Nikaona ana akili.

Nilikuwa na haraka. Kituo cha mafunzo kilichukua watu wachache, na mlango wake ni mtihani wa fizike. Mimi sekondari, kwenye lycée, nilisoma lugha, wala si kwa kupenda: tuliambiwa wasichana hesabu zitatuumiza kichwa. Hadi leo nikikumbuka kinaniuma kweli, ila kwa hasira. Nikikosa nafasi ile ningebaki kubeba mawese ya mama mkwe. Mama mkwe ninampenda. Mawese, hapana.

Basi siku moja nimetoka kuyachukua kwa wakamuaji, bidoni, dumu zima la mafuta, kichwani, mtoto mgongoni, barabara ya kando ya ziwa, tambarare kabisa, jua la saa saba. Nikafika, nikatua, nikafungua kitabu popote tu ili nipumue. Humo nikamkuta mtu aliyebeba mzigo kwenye njia tambarare. Kitabu kinasema travail anayoufanyia mzigo ni sifuri.

Sentensi hiyo niliwahi kuikariri shuleni. Kwa Kifaransa haikuniuma; travail lilikuwa neno la ubaoni, unaliandika, unapata pointi, unaliacha hapo hapo. Lakini siku hiyo shingo ilikuwa bado imezama mabegani, nikaisoma kwa Kiswahili: kazi, sifuri. Nikamsomea mume wangu, nikidhani tutakasirika pamoja.

"Mama, hata kitabu kimekuona," akasema.

Jioni hiyo alikula ugali na chumvi. Ndagala za ziwani zilipotea njia.

Nikaanza vita na kile kitabu. Kuinua bidoni kutoka chini hadi kichwani kilikubali kuwa ni kazi. Kusimama nayo kichwani mpaka uote mvi, sifuri. Kuipeleka hadi Magara kwa mguu, ilimradi njia haipandi wala haishuki, sifuri. Nilibishana nacho nikisonga ugali, nikabishana nacho nikifua, hadi mama mkwe akauliza ninamsengenya nani.

Siku nyingine nilikuwa nimeiinua bidoni tena, nimekasirika hivyo hivyo, ndipo nikajiuliza: hii ingeniponyoka hapa, au ingeniponyoka kule kwa wakamuaji, ingepasuka tofauti? Hapana. Ilitoka kule ikiwa juu ya kichwa changu, ikafika hapa ikiwa juu ya kichwa kile kile. Jasho lote nililitoa mimi, bidoni haikuongezewa kitu. Kitabu hakikuuliza nimechoka vipi. Kiliuliza bidoni imepata nini. Ni neno lingine kabisa lililovaa kitenge cha kazi, na aliyelivika bado nina maneno naye.

Kutoka hapo nilirudi kwenye ile mishale, nikakuta inasema: mmoja unaenda mbele, mwingine unavuta chini, haisaidiani. Nikasogea mbele hadi kwenye wati, hadi kwenye sola yenyewe. Hasira ilikuwa inatembea mbele, mimi nyuma yake.

Siku ya mtihani, mzee mmoja mwenye miwani aliniuliza: mtu anasukuma ukuta tangu asubuhi na ukuta hausogei, kazi yake ni kiasi gani?

"Sifuri," nikasema, "lakini mumpe maji."

Akacheka hadi akavua miwani. Akaniambia nije Jumatatu na viatu vya kufunga.

Nje nilimkuta mume wangu pale pale nilipomwacha, mtoto amelala begani kwake, shati limelowa.

"Nimechoka vibaya, mama. Huyu mutoto iko muzito."

"Umesimama hapa tangu nilipoingia?"

"Hapa hapa."

"Basi, papa, kazi sifuri."

Akanitazama usoni, akaanza kucheka pole pole asimwamshe mtoto. Hakuniuliza kama nimepita.