Breki Zilizokuwa Njiani

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, alikuwa mwalimu wa hesabu katika shule moja ya upili mjini Kajiado. Walipanga nyumba Kitengela, karibu na gereji yangu, na jioni akitoka kazini alipitia kwangu kabla ya kufika kwake. Gari lake halikuwa na shida yoyote. Alikuja tu kuongea magari. Alikuwa mtu mpole, wa kuvaa sweta hata jua likiwaka, na sidhani wanafunzi wake waliwahi kujua jinsi alivyopenda mwendo.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, jeupe, toleo la kawaida, alilonunua kwenye yadi ya magari likiwa limetumika Japani. Kiwanda kilikuwa kimeahidi toleo la kasi la gari lilo hilo, na shemeji alilisubiri kama mtu anayesubiri uhamisho wa kazi. Miaka miwili ilipita. Hata lilipozinduliwa huko kwao, sisi wa magari ya mtumba tulijua hatungeliona karibuni. Akawa ananiuliza kwa nini hawakutoa yote mawili siku moja, na bodi ni ile ile.

Jibu lilitoka kwa mzee niliyefanya naye kazi, fundi aliyeunganisha magari kiwandani miaka mingi kabla ya kuja kwangu. Alimwambia kwamba injini kubwa ndiyo kazi rahisi. Kiwanda huuza kwanza lile la kawaida kwa sababu ndilo wengi watanunua, na ndilo litakalorudisha gharama. Wakati huo wahandisi wanasikiliza: wapi bodi inalegea, nini kinapata joto, nini kinavunjika watu wakiliendesha kila siku. Halafu ndipo wanakaza bodi, wanabadilisha breki, rejeta ya kupozea injini na magurudumu, na kulijaribu upya kama gari jingine kabisa. Na watu wakianza kulizoea lile la kwanza, hili la pili linawaamshia tena hamu.

"Kwa hivyo sisi ndio tunajaribiwa," shemeji alisema.

"Ndiyo, mwalimu," mzee akamjibu. "Lakini mmepewa gari ambayo breki zake zinaiweza."

Shemeji alicheka. Wiki hiyo hiyo aliniomba nimtengenezee la kwake la kasi. Alikuwa amepata injini ya turbo mjini, kwa wauzaji wa vipuri, iliyotolewa kwenye gari la kasi la kampuni ile ile. Ningeweza kukataa. Ukweli ni kwamba sikutaka kukataa. Hakuna fundi Kitengela aliyekuwa amefanya kazi hiyo, na nilitaka niwe wa kwanza. Mzee hakugusa hata bolti moja. Aliniambia nisimpe mwalimu gari kabla breki kubwa hazijafika, kisha hakurudia tena.

Breki zilikuwa zimeagizwa, ziko njiani. Ilinichukua wiki tatu kuingiza injini. Siku nilipoiwasha mara ya kwanza, mafundi wa gereji za jirani walikuja kusikiliza, nami nikasimama pale kifua mbele. Shemeji aliniomba funguo. Nilimpa, nikamwambia aendeshe polepole mpaka breki zije. Alikubali, na naamini alikuwa anamaanisha.

Aliliendesha siku kumi na moja.

Ilikuwa saa kumi alasiri, akirudi kutoka Kajiado, kabla ya kufika Isinya. Aligonga nyuma ya lori lililosimama kungoja ng'ombe wavuke barabara. Nilipofika walikuwa wameshamtoa, na hakukuwa na haja ya kuharakisha kwenda hospitali. Mwenye ng'ombe, mzee wa Kimaasai, alikuwa bado amesimama kando ya barabara. Alinisalimia kwa Kimaasai, nikamwitikia. Kisha akasema, "Alikuwa anakanyaga breki. Mimi niliona taa nyekundu za nyuma aliponipita. Gari ilikataa tu."

Polisi waliandika kwamba ni mwendo wa kasi. Kesho yake nilienda kituoni walikolivuta, nikachungulia ndani ya magurudumu ya mbele. Diski za breki zilikuwa zimegeuka rangi ya samawati kwa joto, na pedi zimeungua zikawa kama makaa. Lazima alikuwa amelipita gari moja, akafunga breki, akapita jingine, akafunga tena, na walipotokea ng'ombe hakukuwa na breki iliyobaki. Nilifuta mikono yangu, nikaenda zangu. Sikumwambia mtu.

Tulimzika kwao, magharibi mwa nchi. Mwezi mmoja baadaye dada yangu alikuja gereji, mahali ambapo hakuwahi kukanyaga. Alikaa kwenye benchi letu la chai. Alisema watu wa kwao marehemu wanawaambia watoto kwamba baba yao alijiua kwa ujinga wa kukimbiza gari. Mama mkwe mwenyewe amelisema mbele yao.

"Wewe ndiye ulifungua hiyo gari," akaniambia. "Unasema nini?"

Nilimwambia ni breki. Nikamwambia nilijua hazitoshi, na bado nilimpa funguo. Alimtazama mzee, na mzee akainamisha kichwa. Dada hakulia mbele yetu. Aliinuka, akashika mkoba wake.

"Basi utaenda umwambie mama yake hivyo hivyo. Kwa mdomo wako."

Nilienda. Mama yake shemeji alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akaita wanawe wawili wa kiume na kunitaka nianze upya. Nilianza upya. Hakuna aliyenigusa wala kunitukana. Yule mkubwa aliniuliza kama marehemu aliambiwa wazi kwamba breki hazitoshi. Nilisema niliambiwa mimi. Yeye nilimwambia tu aende polepole mpaka breki zije. Kisha mama akasema nianze safari, kwa sababu mvua ikinyesha njia yao haipitiki.

Sasa dada yangu ana gari lingine, la kwendea kazini. Likiharibika hulipeleka kwa fundi wa upande wa pili wa barabara. Nikiwa chini ya gari la mteja nasikia sauti yake kule akieleza shida ilipo, na fundi yule akimjibu ndiyo, mama, nitaangalia.