Gari la Baba, Muziki wa Kaka

Kaka yangu mkubwa aliwahi kung'oa kiti cha nyuma cha gari ili spika zipate pa kukaa. Naanzia hapo kwa makusudi, maana nikianza na mengine watu hudhani ninamchukia. Simchukii. Ninamdharau tu, na hiyo dharau nimeilea vizuri miaka yote hii.

Ilikuwa miaka ya wakimbizi, Ngara ilipojaa watu na vilima vikageuka rangi ya maturubai. Kijiji chetu kiko juu ya barabara iendayo Kabanga, na siku hizo barabara ile haikupumzika: malori ya mahindi, malori ya maji, na magari meupe ya mashirika yenye antena ndefu mbele. Kaka alipata kazi ya kuendesha lori la maji kambini. Kazi ya heshima, sikatai. Lakini baada ya miezi michache alikuwa anatembea kifua mbele utadhani maji yale ameyachimba kwa mikono yake mwenyewe.

Baba alikuwa na ngiri. Daktari wa hospitali ya misheni alimwambia mbele yangu akubali kupasuliwa, na kama hataki, basi siku ngiri itakapotoka na kukataa kurudi ndani aletwe saa ileile, la sivyo utumbo utaoza. Baba aliogopa kisu kuliko alivyoogopa kufa. Akauza ng'ombe wake, ng'ombe aliokuwa akimsifia kila mmoja kwa sifa zake, akanunua stesheni wagoni ya zamani kwa mfanyabiashara mmoja wa Biharamulo. Gari lile lilikuwa na kazi moja na nyumba nzima tuliijua: siku hiyo ikifika, Baba alazwe nyuma, awahishwe hospitali. Dereva akawa Kaka, kwa kuwa hapakuwa na mwingine nyumbani aliyejua kuendesha.

Gari lilikuja na redio ndogo ya kupata taarifa ya habari, tena ukiwa mlimani. Kaka akasema redio ile inamtia aibu. Aibu! Gari lenyewe mlango mmoja ulikuwa unafungwa kwa mpira wa baiskeli, kioo cha nyuma kina ufa tangu Biharamulo, lakini kilichomwaibisha bwana mkubwa ni redio. Alikuwa amewaona vijana wa mashirika wakipita na muziki mnene, akaona na yeye ni mwenzao.

Soko la kambini lilikuwa na kila kitu. Siku aliyokwenda Kaka nilikuwa nimepeleka ndizi, kwa hiyo nilishuhudia. Alinunua redio ya kaseti, amplifaya na spika nne kubwa kwa mkimbizi mmoja ambaye huko kwao alikuwa na duka lake la vifaa vya umeme wa magari. Yule fundi alifunua boneti, akatazama, akamwambia kwa upole, "Betri yako ni ndogo, na dainamo imechoka. Ukipiga muziki huku injini imezimwa, gari halitawaka. Chukua spika mbili, nikufungie milangoni, kiti chako kibaki. Ukitaka zote nne, kwanza tafuta betri ya pili."

Ushauri wa bure, wa mtu anayejua kazi yake. Kaka akanigeukia, akasema kwa Kiswahili ili yule asikie, "Mtu hana hata kitanda, atanifundisha gari?"

Fundi akakunja kitambaa chake cha kufutia mikono. "Sawa, bosi," akasema. Nilitamani ardhi ipasuke. Nilimpa yule fundi ndizi zilizobaki, akazipokea bila kuniangalia.

Basi spika zikafungwa na fundi baiskeli wa kijijini, mtu ambaye umeme aliujua kwa kusimuliwa. Seremala akatengeneza boksi refu kama jeneza, likavikwa blanketi la kijivu la msaada ili besi isivuje, eti. Kiti cha nyuma kikahamia jikoni, na kuku wakakipenda sana. Baba alikuja akalizunguka gari mara moja, akauliza, "Mimi nitalala wapi?"

"Utakaa mbele, Mzee, kama bosi."

Baba akaingia ndani. Mimi nilijibu kwa niaba yake, tena kwa sauti, na Kaka akaniambia wanawake hatuelewi mambo ya sauti. Ni kweli sikuelewa. Kila wimbo ukipigwa, mabati ya gari yalitetemeka kuliko spika zenyewe, na mwimbaji unamsikia kwa mbali kama mtu aliyefungiwa ndani ya pipa. Kaka alitikisa kichwa, macho nusu amefumba, anaridhika.

Hapo bado sijasema alilofanya kwenye machela. Kwetu milima ni mikali na magari ni ya kubahatisha, kwa hiyo kila kitongoji kina chama cha machela. Mgonjwa akizidiwa, ngoma inapigwa, na kila nyumba inatoa mwanamume mmoja wa kubeba. Wanapokezana mabega mpaka hospitali. Nyumba isiyobeba haibebwi, na hilo halina mjadala. Kaka alisimama mkutanoni, kwenye uwanja wa kuanikia kahawa, akiwa na miwani ya jua, akatangaza kwamba nyumba yetu inatoka kwenye chama. "Wenye gari hawabebi machela," alisema. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye jambo lingine.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili. Kwa jirani kulikuwa na sherehe ya komunyo ya kwanza, na Kaka akajipa kazi ya muziki bila kuombwa. Akaegesha gari uani, akafungua milango yote, akapiga kaseti tangu watu walipotoka misani hadi alasiri. Injini aliizima ili asiunguze petroli. Niliusikia muziki ule nikiwa nyumbani namenya ndizi, hadi nilipoona unalegea, waimbaji wanavuta maneno kama walevi, halafu kimya. Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi.

Muda mfupi baadaye Baba akaniita. Alikuwa amelala kwa ubavu, jasho linamtoka, uvimbe umekuwa mgumu kama jiwe na haurudi. Nilikimbia hadi kwenye sherehe na kanga moja, nikamwambia Kaka siku imefika.

Akaingia garini. Gari likasema ka, ka, likanyamaza. Wanaume waliovaa nguo zao za misa wakalisukuma kuteremka kilima, likateremka vizuri sana bila kuwaka, likaenda kusimama chini kabisa penye majani ya bondeni, na hospitali iko juu. Kaka akafunua boneti akachungulia kama anayetafuta sindano. Sijawahi kumwona mtu mzima akiwa hana faida kiasi kile.

Nilimshika mkono nikamburuta hadi kwa mwenyekiti wa machela. Njia nzima nilikuwa natafuta maneno ya kuomba, maana nilijua tulichokifanya, na akilini nilimwona Baba akifa kwa sababu ya boksi la mbao. Kaka akaanza, "Shikamoo, Mzee. Najua sisi tulitoka kwenye chama, lakini..."

Mwenyekiti alikuwa tayari anaiteremsha machela kutoka darini. "Marahaba. Nyumba yenu haijatoka," akasema.

"Lakini nilitangaza mwenyewe."

"Ulitangaza. Baba yako akaja kesho yake akasema bega lako atalibeba yeye. Tangu siku hiyo ngoma ikilia yumo."

"Anabeba? Mzee?"

"Mlimani tunamnyima zamu. Kwenye tambarare anashika mti wa machela mwenyewe, hasikii. Tulijua anaumwa. Tulimwambia. Alisema siku yake ikifika, hataki binti yake aje kupiga magoti kwa watu."

Nilikaa chini palepale. Kumbe zile safari zake za kwenda kusalimia ndugu, akirudi amechoka tunamwekea uji na hatuulizi, zilikuwa za machela. Nilimtazama Kaka nikitegemea atalia, au aseme neno lolote. Aliivua miwani yake, akaifuta, akaivaa tena.

Walimbeba. Wanne chini ya miti ya machela, wengine pembeni wakisubiri zamu, wanakwenda mbiombio bila kumtikisa, kama wanavyombeba kila mgonjwa. Kaka alidai apewe zamu. Wakampa. Hatua zake zikapishana na za wenzake, machela ikaanza kuruka, na Baba akasema kutoka ndani ya blanketi, "Mwondoeni huyo, atanimwaga." Wakampa viatu vya Baba avibebe. Akavibeba, kimoja mkono huu, kimoja mkono ule, hadi hospitali.

Daktari alimpasua jioni ileile na akasema tumewahi kwa nafasi ndogo sana.

Baba alizinduka asubuhi, sauti haijarudi vizuri. Kitu cha kwanza alichouliza ni kama Kaka amewashukuru waliombeba. Nilitaka kumdanganya ili apumzike, nikashindwa. Nikamwambia watu wa machela walilala kwenye veranda ya wodi na bado wapo, wanasubiri kusikia kama ameamka. Kaka alikuwa amedandia lori alfajiri, bila kuwaaga, kwenda Kabanga kutafuta betri.