Wifi Aliyenitangulia Kwenye Ukungu

Wanaonijua hapa Iyunga wanajua sina muda wa kutunga mambo. Nina watoto, nina kazi yangu ya kushona, nasali Kilutheri kama nilivyolelewa kwetu Kalenga. Kwa hiyo haya ninayokusimulia yachukue jinsi yalivyo. Ukitaka kucheka, cheka, ila nisikilize mpaka mwisho.

Ilikuwa Jumamosi, mwezi wa saba, baridi imeshika. Wifi yangu Tumpe, dada wa mume wangu, ndiye aliyenishawishi twende msitu wa serikali kule juu ya Isongole, tukalione Ziwa Ngozi.

"Wifi, wazungu wanatoka kwao kuja kuliona, sisi tupo hapahapa hata picha hatuna," alisema.

Tulipendana sana mimi na Tumpe. Siri zangu zote alikuwa nazo yeye, na zake nilikuwa nazo mimi.

Tulipata mwenyeji wa kutuongoza, baba mmoja wa makamo anaitwa Ambakisye, panga mkononi, mabuti ya mvua miguuni. Kabla ya kuingia msituni alituambia kitu kimoja tu: "Ukungu ukishuka, kila mtu asimame pale alipo. Kule juu kuna genge, ardhi inakatika ghafla."

Mwanzoni ilikuwa raha tupu. Mianzi, migomba mwitu, mbega wanaruka juu ya miti. Kisha njia ikaanza kupanda, udongo unateleza, tunashika mizizi. Tumpe, na sweta lake la njano, alilalamika magoti njia nzima.

Karibu na kilele niliinama kufunga kamba za raba. Nilipoinuka, dunia ilikuwa nyeupe. Wala haikuwa usiku, ilikuwa mchana, lakini Ambakisye simwoni, njia siioni. Nilichokiona ni sweta la njano, mbele kidogo.

"Wifi, nisubiri!"

"Njoo, njia ni hii."

Sauti ilikuwa ya Tumpe. Nakuapia, hata leo ningeitambua hivyohivyo. Nikasahau la kusimama, nikamfuata. Nikamuuliza magoti yanaendeleaje. Akasema, "Yamepona."

Hapo tu ningeshtuka, si ndiyo? Mtu aliyekuwa analia magoti tangu asubuhi! Lakini ukiogopa kupotea unashika chochote kilicho mbele yako.

Manyunyu yalikuwa yananiloanisha, na kila nikipumua mvuke unanitoka mdomoni. Akageuka nusu, akasema, "Njoo uone maji." Nikauona mdomo unafunguka, na mvuke hautoki. Sweta lake kavu kabisa. Kisha akaniita kwa jina langu la ubatizo. Tangu niolewe Tumpe ananiita wifi. Jina langu hajawahi kulitaja.

Miguu ikagoma.

Mbali nyuma yangu nikasikia panga linagongwa kwenye mti. Ko! Ko! Ko! Na Ambakisye anapaza sauti, "Dada! Simama hapohapo!"

Yule wa mbele akasema taratibu, "Usimsikilize. Nipe mkono."

Akaunyoosha wake. Na wangu, niamini, ulikuwa umeshaanza kuinuka wenyewe. Nikaugeuza, nikakumbatia mwanzi uliokuwa pembeni, nikaanza kusali Baba Yetu kwa Kihehe cha kwetu. Nikakosea, nikaanza upya, nikakosea tena.

Upepo ukapiga, ukungu ukapasuka. Nikaliona ziwa. Liko chini kabisa, la kijani, kimya, na ardhi imekatika mbele ya vidole vya miguu yangu. Mwenye sweta la njano alikuwa bado amenyoosha mkono. Pale aliposimama hapakuwa na ardhi.

Ukungu ukafunga. Ulipofunguka tena, hayupo.

Ambakisye alinifikia, akanivuta kwa mkanda wa begi. Hakuniuliza nimeona nini. "Tushuke," akasema, basi.

Sasa sikia. Tumpe tulimkuta chini kidogo njiani, kwenye gogo, analia. Aliponiona akaruka nyuma.

"Usinisogelee!"

"Wifi, ni mimi."

"Hata yule alisema hivyohivyo."

Maana wakati mimi namfuata yeye, yeye alikuwa ametulia kwenye gogo na mimi. Mimi huyuhuyu, na kilemba changu, nimekaa ubavuni kwake, namsimulia mambo kwa sauti ya chini. Panga lilipogongwa, anasema, niliinuka nikaingia kwenye mianzi, na mianzi haikutikisika.

"Nilikuambia nini?" nilimuuliza. Niliuliza siku ile, nikauliza miezi iliyofuata. Hasemi. Mume wangu alimbana, akaambulia machozi tu.

Siku hizi Tumpe anakuja kwetu sikukuu kwa sikukuu, na anakaa karibu na mlango. Nikimbeba mwanawe, anamchukua kwa upole. Nikipakua chakula, ananitazama mikono. Kuna jambo analijua, kuhusu mimi au kuhusu siku zangu zilizobaki, na amelisikia kwa sauti yangu mwenyewe.

Mwezi uliopita alikuja bila taarifa. Akakaa, akashusha pumzi, akasema, "Wifi, leo nikuambie." Unafikiri nilifurahi? Nilitoka uani, nikamwaga maji kwenye beseni, nikaanza kufua nguo zilizokuwa safi. Nilifua mpaka nikasikia geti limefungwa.

Msitu ule ni mzuri, sikukatazi kwenda. Ila ukungu ukishuka, simama, umshike mkono uliyekuja naye, na usiuachie hata kufunga kiatu. Na mkitengana, ukimkuta mwenzako analia kwenye gogo, mfute machozi mrudi nyumbani. Usimuulize aliambiwa nini.