Amiminaye Huonja

Jambo la mwisho la kawaida Jumamosi ile, katika kilabu cha tembo la mnazi nilimoketi karibu na Kilindini, lilikuwa kijana wa miaka kama kumi na mitano kumtekea babake, kuli wa bandarini, kata ya tembo. Desturi ni kwamba amiminaye huonja kwanza, ili mnywaji ajue tembo halina sumu. Kijana hakuonja, aliimaliza kata, akateka nyingine, akaimaliza nayo.

"Ala! Nani kakufunza kunywa hivi?"

"Wewe, baba. Tangu utoto waniambia, 'Onja kwanza.'"

"Haya mzee, sumu imekwisha, na tembo limekwisha!" akadakia mteja mmoja.

Watu wakacheka. Baba aliishika kata tupu kwa mikono miwili, asijue pa kuiweka.

Kwa ulevi wa vijana twalaumu mabaharia, vita na sinema. Ni rahisi, maana hao hawaketi mezani petu.

Tangu nimzike mke wangu, mwanangu wa miaka kumi na minne ndiye anayenimiminia brandi kila jioni. Juzi alisema, "Hii ni kali kuliko ile ya kwanza." Sikumuuliza alijuaje.

Asubuhi ya Jumapili iliyofuata niliimwaga chupa, nikaiosha bilauri mwenyewe, nikairudisha kabatini, penye vyombo vya mamake.